Nepi ya Gunia la Unga

Voi,
Jumapili, 14 Agosti 1983

Kwa kaka yangu Mwandawiro, Njukini.

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Peris na watoto wote, hadi huyu mchanga aliyezaliwa Mei ambaye bado sijamwona. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba mguu wako ule uliokuwa ukivimba umetulia. Nilitaka kuandika kwamba na sisi hatujambo. Lakini miaka kumi na miwili ya kupiga chapa maneno ya mashahidi mahakamani imenizoeza kuandika kile kilichopo tu, na hapa nilipoketi naona mlango uliong'olewa bawaba na gari la kusukumia mtoto lisilo na magurudumu.

Binamu yetu Kituku alisema wewe ndiye uliyemtuma. Sijui kama alirudi akakueleza yote aliyoyafanya, kwa hiyo nitakueleza mimi.

Alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, na wanaume wawili nisiowajua. Mume wangu Kilonzo alikuwa nje, anasuuza nepi kwenye beseni, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na zamu ya reli. Kituku alimuuliza kama siku hizi Wakamba wanaajiriwa kuwa mayaya. Kilonzo akamjibu kwamba maji ya sabuni bado yapo, kama shemeji ana nguo chafu azilete. Wale wawili walicheka. Kituku hakucheka. Alimpiga kwa mpini wa jembe, shingoni, na Kilonzo akaanguka juu ya beseni likapasuka. Kisha wakampiga mateke wote watatu. Kilonzo hakuinua mkono. Alichofanya ni kutambaa hadi mlangoni na kulala hapo, maana Loise wetu, mtoto wa miezi mitano, alikuwa ndani kitandani. Waliung'oa mlango akiwa ameuegemea. Kituku aliona gari la mtoto chini ya paa, akasema kumbe tunajifanya Wazungu, akalipiga kwa ule mpini hadi magurudumu yote manne yakatoka.

Aliyewafukuza ni jirani yetu Mwanamina, ambaye mumewe anauza vitambaa karibu na stesheni. Alitoka na sufuria ya uji uliokuwa ukichemka akammwagia Kituku mgongoni. Kituku alilia kama mtoto. Mwanamina akamwambia, kwa kile Kiswahili chake cha pwani kisicho na haraka, kwamba huo ulikuwa wa kuonja tu, mwanangu, sufuria kubwa iko jikoni. Wakaondoka. Walipofika barabarani Kituku alipiga kelele kwamba hizo zilikuwa salamu tu, na kwamba wewe mwenyewe utashuka Jumamosi, tarehe ishirini, na panga lile lile, umalize kazi uliyoianza mwaka wa sitini na saba.

Kilonzo amevunjika mbavu mbili na jino la mbele. Nilitaka kwenda polisi, akanikataza. Alisema niandike barua badala yake. Ndiyo hii. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujaamua lolote.

Nianze na watoto, kwa sababu yote yametoka kwao.

Unakumbuka Danson, mtoto wangu wa kwanza, alizaliwa nyumbani kwetu Mwanda, Julai 1966. Mama alimkata kitovu kwa wembe uliochemshwa na kumfunga kwa uzi wa kushonea. Nepi zake zilikuwa gunia la unga wa ngano, lile la kitambaa cheupe, nililolikata vipande sita na kulichemsha, lakini herufi nyekundu za kiwanda hazikutoka, kwa hiyo mtoto alikuwa na tangazo matakoni. Wewe ndiye uliyelifanyia mzaha, ukasema tukimpoteza tutajua pa kumrudisha. Sikuwa na pini, nilifunga kwa fundo. Aliogeshwa kwenye karai la kupigia zege, akapakwa mafuta ya ng'ombe, akalala kati yangu na ukuta. Nilipokwenda shambani alikuwa mgongoni, ndani ya kanga. Uji nilimnywesha kwa kiganja, kama Mama alivyotunywesha mimi na wewe.

Loise amezaliwa hospitali, Machi mwaka huu. Karibu miaka kumi na saba imepita kati yao, na nilipofika wodini nilikuwa kama mgeni. Mkunga kijana alinifundisha kukunja nepi ya taulo pembe tatu, akanionyesha pini yenye kichwa cha plastiki cha bata ili isifunguke ikamchoma mtoto. Kuna chupi ya nailoni ya kuvaa juu ya nepi. Kuna poda, kuna beseni la plastiki la waridi, au lilikuwepo. Kuna kadi ya kliniki yenye mistari inayopanda, na kila mwezi wanampima na kuweka nukta. Gari la kusukuma tulipewa na Mwanamina, lililea wanawe wawili. Kilonzo ndiye aliyelipenda zaidi. Kila Jumapili alimsukuma Loise hadi sokoni na kurudi, huku Mwanamina akimtania kwamba binti ana gari na baba hana hata baiskeli. Najua hapo ndipo Kituku alipomwona: mwanamume mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto, anasukuma gari la mtoto wangu.

Sasa nirudi kwenye vidole hivyo.

Danson alikufa Jumanne, tarehe 7 Februari 1967. Alikuwa na homa siku tatu na alikataa titi. Kilonzo alikuwa amepanda kutoka Voi kwa likizo. Wewe ulikuwa unakata matete ya ng'ombe upande wa chini, ukasikia Mama akipiga mayowe, ukaja na panga mkononi. Ulifunua kanga ukamtazama mtoto. Uliona alama mbili nyeusi, moja kila upande wa pua, na nyingine shavuni, ya ukubwa wa kidole gumba. Mdomo ulikuwa na damu. Uliuliza nani. Mama akakuambia umuulize Mkamba, kwa kuwa jana yake alifoka nyumba nzima kwa sababu ya mtoto. Kisha ukaniuliza mimi. Mimi nilitazama chini.

Kilonzo alikuwa ameenda mferejini kuchota maji ya kumwosha mwanawe. Nilikufuata. Hukumsemesha. Aligeuka akiwa na ndoo, akainua mkono wa kushoto, na panga likakata kidole cha mwisho na cha pembeni yake. Pigo la pili liliingia begani. Alianguka mferejini, na maji yakateremka mekundu hadi kwenye kabichi za jirani. Ulimwinua kwa shati, ukampiga kichwani kwa ubapa, mara tatu, ukimwambia kila mara aseme jina la mtoto. Alilisema mara zote tatu. Uliacha tu kwa sababu mpini ulikuteleza mkononi. Akatoka majini, akapita mbele yangu bila kunitazama, akachukua nepi moja niliyokuwa nimeianika kwenye ua, akafunga mkono, akashuka mlima kwa miguu. Hakumzika mwanawe.

Ulingoja polisi miezi mingapi, kaka? Hawakuja. Kazini aliandikisha kwamba mkono ulibanwa na mabehewa akiyaunganisha. Wakamhamishia Kibwezi, apeperushe bendera.

Nilimwona tena mwaka wa themanini na moja, hapa mahakamani Voi. Aliitwa kuwa shahidi katika kesi ya wizi wa vyuma vya reli. Karani alimuuliza vidole vilienda wapi, ili aandikwe alama yake ya kutambulika. Alinitazama, akasema mabehewa. Nikapiga chapa neno hilo, mabehewa, nikijua ni uongo, na karatasi ile iko kwenye jalada hadi leo. Jioni hiyo nilimngoja nje, na tukarudiana. Mama alikuwa amekwisha kufa. Sikukuuliza ruhusa, na kwa hilo nakuomba radhi, lakini hilo silo ninalotaka kuungama.

Mwezi uliopita, kule kliniki, nesi alituambia watoto wa umri wa Loise waanze uji, kwa kikombe na kijiko. Aliuliza ni nani kati yetu anaweza kunywa chai huku mtu amemziba pua. Wanawake walicheka. Mimi pia nilicheka. Akasema wanaonywesha kwa kiganja hufanya hivyo hivyo, na kwamba uji ukimkuta mtoto anavuta pumzi huingia kwenye mapafu, na mwenye homa au kikohozi anaweza kufa pale pale. Watu wakaacha kucheka. Nilirudi nyumbani nikijiambia hakuna jipya nililosikia.

Siku ya tatu Loise alikuwa na mafua. Alikitema kijiko mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikiweka chini. Sikumbuki kuamua. Nilimlaza mapajani, kiganja cha kushoto kikaenda chini ya kidevu, mkono wa kulia ukamimina uji kiganjani, kisha vidole viwili vikamfunga pua. Alipiga teke. Nilifanya kwa wepesi kama mtu anayevaa viatu. Uso wake ulianza kugeuka rangi. Kilonzo alikuwa dirishani akinyoa. Alifika na povu usoni, akanishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vyake vitatu, akakikamua hadi nikaachia, na akasema, "Elsie, huyu hapana." Basi. Akamgeuza mtoto kifudifudi, akampiga mgongoni, uji ukatoka puani, Loise akalia.

Alama ya vidole vyake ilikaa mkononi mwangu siku nne. Niliitazama kila siku nikiwa kazini.

Kaka, alama ulizoziona usoni mwa Danson zilikuwa za vidole vyangu.

Asubuhi ile Mama alikuwa amekaa mbele yangu, ameshika bakuli. Danson alikuwa anawaka. Mama alisema mtoto asiyekula hufa, nimbane. Nikambana. Viganja vitatu alimeza. Cha nne hakumeza, alikivuta. Uji ulimtoka puani, nikaona, na nikaongeza cha tano. Alinipiga mateke tumboni, kisha mateke yakaisha. Damu ya mdomoni ilitokana na ukucha wangu. Kilonzo hakumgusa. Kule kufoka kwa Jumatatu, ambako Mama alikutajia, alikuwa ananifokea mimi, akisema nimwache mtoto apumue, tumpeleke hospitali. Mama alimjibu kwamba uji si mambo ya wanaume.

Mama alikudanganya ili asinipoteze na mimi. Uongo aliusema yeye, lakini aliyeukamilisha ni mimi, uliponiuliza nikatazama chini. Nilikuona ukishika panga vizuri. Nilikuwa na muda wa kusema, kutoka mlangoni hadi mferejini, hatua kama sitini. Nilizitembea zote nyuma yako nimefunga mdomo.

Nilimuuliza Kilonzo kwa nini yeye hakusema. Alisema kwenye mlima ule siku ile alikuwa Mkamba mmoja, nani angemwamini. Kisha akasema, na kama ungemwamini, panga lingegeuka upande gani?

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nataka ujue unamtafuta nani. Ukija Jumamosi na panga, huyo mtu ni mimi. Nitakuwa nimeketi mlangoni tangu asubuhi. Ukija bila panga pia nitakuwa hapo hapo, na Kilonzo atakuwa ndani, kwa kuwa mbavu hazimruhusu kusimama. Mlango wenyewe, kama nilivyokuambia, umekwisha kung'olewa.

Barua hii nampa Badawy, dereva wa lori linalochukua mahindi Njukini, pamoja na kifurushi kidogo cha wifi Peris. Mwambie ndani yake kuna kikombe na kijiko vya mtoto. Huyo wa Mei ana miezi mitatu sasa, na najua kwenu uji huanza mapema. Asimbane. Akikataa, amwache, atakula baadaye. Ukimkuta anafunga pua, mshike mkono kama nilivyoshikwa mimi.

Kitambaa nilichofungia kikombe utakitambua. Zile herufi nyekundu ni za kiwanda cha unga. Doa la kahawia lililo pembeni ni lako na la Kilonzo. Alikifua mara nyingi, halikutoka, na miaka yote hii alikitunza chini ya nguo zake, kwa sababu ndicho kitu pekee cha Danson alichoshuka nacho. Yeye ndiye aliyesema nikufungie nacho. Alisema kitambaa bado ni kizima, kitafaa kumfuta mtoto mdomo.

Nisalimie wifi, na watoto, na majirani wanaonikumbuka. Mwanamina naye anakusalimu, ingawa salamu zake nimezipunguza makali. Loise ana uzito wa kilo sita na nusu, nukta yake iko juu ya mstari. Badawy anageuza kurudi Voi Ijumaa asubuhi. Ukiwa na jibu mpe yeye, nitalipata kabla ya Jumamosi.

Ni mimi dada yako,
Elsie