Ndege Aliyelia Nyuma ya Kichaka

Gatete, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Amahoro. Natumaini wewe ni mzima huko Kabonga, na dada Keren amepata nguvu baada ya kujifungua. Mjukuu wako ananyonya vizuri? Sisi huku tuko salama, ila mimi usingizi siupati. Ningekupigia simu, lakini haya siwezi kukutamkia kwa mdomo.

Unajua napata kibarua kwa Madamu Sabine, yule mtafiti wa ndege kutoka Bujumbura. Namwonyesha njia za msituni na kumbebea mashine ya kurekodi sauti. Anamtafuta ndege mmoja tu, yule mdogo anayetulia tawini, akaruka ghafla kumdaka nzi, kisha akarudi palepale. Zamani tulimsikia hadi jikoni kwako. Mwaka huu, kimya. Madamu akasema tusipomsikia wiki hii, kazi imekwisha. Nilichanganyikiwa, Mama.

Ijumaa, pembeni mwa shamba lako la mihogo, ndege akalia. Madamu alirekodi huku machozi yakimtoka. Jana akarudi na watu wa mazingira, nao wakasema aliposikika ndege lazima palindwe, hakuna kulima tena. Shamba lako lote limo ndani.

Sasa nikuambie, na usinilaani. Ndege yule ni mimi. Nilimwambia Madamu naenda kujisaidia, nikajificha nyuma ya kichaka, nikapiga mluzi kama nilivyozoea kumwita ndege yule nikiwa mtoto. Shamba lako halikunijia akilini hata kidogo.

Leo baada ya ibada nimemwendea Madamu, nikamweleza yote. Alinitazama kwa huruma, akasema anaelewa nakuonea uchungu, Mama, kwa ajili ya shamba, ila nisiongope. Akaniambia nipige mluzi, asikie. Nikakunja midomo. Mama, ilikuwa imekauka kwa woga, ukatoka upepo mtupu. Nikajaribu tena na tena. Akanipigapiga begani, akasema hakuna binadamu anayeweza kuimba vile.

Vigingi vya mpaka vinapigwa Jumatano. Rachid wa pikipiki atakuletea barua hii kesho. Panda naye mrudi pamoja, tung'oe mihogo hata ile michanga. Nisalimie Keren na umbusu mtoto.

Njiani nikirudi mluzi ulitoka safi kabisa. Nikaukatiza haraka, wasije wakaandika kwamba ndege wapo wawili.

Mwanao mwenye hofu,
Exaucé