Kilima Kimefyekwa

Magunga, Jumanne

Ningetaja maua tu, yote haya yasingetokea. Jana nilimwambia Mama Akinyi, mwenye shamba kule juu Gwassi, kwamba leo ningekuja kukipiga picha kilima chake. Mteremko mzima ulikuwa njano. Nilidhani ameelewa.

Leo ukungu umeninyima mwanga mpaka saa nne. Ulipoinuka, kilima kilikuwa kipara. Mama Akinyi amesimama katikati, amevaa gauni la kanisani.

"Tumefyeka tangu alfajiri, mwanangu. Mgeni haonyeshwi magugu. Sasa piga."

Nikapiga. Mashindano ya picha za maua yanafungwa kesho, na picha niliyo nayo ni ya mama anayetabasamu. Nyuma yake, ukiikuza sana, kuna ng'ombe anayemalizia maua yangu.