Kaburi la Mjomba Aliye Hai

Mpendwa Shangazi Mariat, naomba msaada kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo nitaapa mbele ya hakimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Malukhu, Mbale, na baraza la mji limepata amri ya korti kuingia viwanja vyetu saa yoyote kuchimba mtaro, sisi majirani tukaungana kuipinga, lakini mimi kwa kuhofia banda langu la kuku nikajenga kaburi la saruji pale mtaro utakapopita, nikijua wachimbaji wanaogopa makaburi, na jirani yangu Gorreti aliponiuliza ni la nani ulimi ukateleza nikamtaja mjomba Nasuru, ambaye yuko Wanyange, mzima kabisa, anauza samaki, Gorreti akalia, akaniletea ndizi za matanga nikazila, kisha akamwambia wakili wetu, naye wakili akafurahi: "Bwana Zubair, hii kaburi ndiyo itatuokoa," na jana mjomba mwenyewe akapiga simu: "Zubair, nasikia nimekufa. Mbona hamukuniita kwa mazishi?" Anakuja Jumamosi kuliona. Nikisema kweli, majirani tisa watashindwa kesi kwa sababu yangu. Nikiapa uongo, namwogopa Mungu, na mjomba pia. Nifanyeje?

Zubair, Malukhu

Zubair, pole, na baada ya pole nakugombeza. Mtu mzima unamzika mjomba wako kwa ajili ya kuku! Na zile ndizi ungezikataa angalau.

Kesi yenu ilikuwa nzuri kabla hujakoroga saruji. Watu kuingia kwenu saa yoyote bila taarifa, hata mama akiwa anaoga, hilo mna haki ya kulipinga. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ukikamatwa wewe mmoja, hakimu hatawaamini wale tisa wanaosema kweli.

Leo hii nenda kwa wakili umweleze yote, alifute hilo kaburi kwenye karatasi zake. Kisha nenda kwa Gorreti, wewe mwenyewe, usimtume mkeo, ukaombe radhi. Saruji uivunje mchana, watu wakikuona. Watakucheka sana; vumilia, kuchekwa si kufungwa. Jumatatu ukiulizwa kortini, jibu: nina kuku, sina maiti.

Na mjomba usimngoje. Panda basi kesho asubuhi, ukampigie magoti hukohuko Wanyange. Akija Malukhu alikute kaburi bado limesimama, nahofia litapata mtu wa kuzikwa.