Dumu la Mvinyo Limekwama Kibaigwa

Mdogo wangu Mbeleje, hapa ni mimi kaka yako, miaka sabini na mitatu. Njaa ya mwaka sabini na nne ilinikuta ikaniacha, foleni za sukari nazo zimekwisha mimi nipo. Lakini jua la Kibaigwa linanitia hofu. Lori limeharibika tangu asubuhi na dumu la mvinyo linangojwa Dar. Yule mgeni aliyeuagiza hali kitu cha mnyama, ndiyo maana anautaka wangu, usiosafishwa kwa ute wa yai. Dawa ya kuuzuia usiharibike pia sikutia, unajua nilivyokataa. Sasa joto likiuchachua, nitarudi na siki, na Ugogo nzima hakuna mvinyo kama huu.

Nimelifunika dumu kwa gunia bichi, nalimwagia maji. Madalali wa mahindi wananicheka, "Babu, unamwogesha mwanao?" Nikawaambia huyu ana adabu kuliko nyie.

Mama Zuhura muuza chai hanywi pombe, ila hutengeneza achari, siki anaijua. Nikamwomba anuse. Akanusa, akakifunga kifuniko, kisha akasema, "Bado, mzee. Ila usichelewe."

Tuombee hilo lori. Nibusie wajukuu. Atakayebisha kwamba mvinyo ulifika mzima mpaka hapa, shahidi wangu ni pua ya Mama Zuhura.