Vidole Vitatu kwa Mara Moja

Maretadu, Jumamosi

Sauti zimelia zote tatu. Bado natabasamu peke yangu.

Tangu kinanda cha kwaya kife, tumekuwa tukitumia ukurasa wa mtandaoni wenye picha ya kinanda, kwenye kishikwambi changu. Ulikuwa unasikia kidole kimoja tu. Ukibonyeza cha pili, sauti ya kwanza inakatika. Kwa namna hiyo waimbaji hawawezi kupata sauti zao, na kesho tunaimba Haydom mbele ya kwaya nyingine.

Wiki nzima nimeandika kiendelezi, yaani kiprogramu kidogo cha kupachika kwenye kivinjari, ili ukurasa ule utambue kila kidole peke yake. Jana kilikwama. Nililia kidogo, sifichi.

Leo mazoezini nilimpelekea Mzee Tluway, mwalimu wetu wa kwaya.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ni kile kile cha juzi?"

"Nimekirekebisha. Naomba ujaribu kwa vidole vitatu."

"Mwanangu, hiki si kinanda."

Akabonyeza hata hivyo. Sauti tatu zikatoka pamoja, zikatulia. Hakuondoa mkono. Waimbaji wa alto wakaingia wenyewe bila kuitwa, besi wakafuata, na mwalimu akafumba macho.

Wimbo ulipoisha akasema, "Kesho utakaa hapa pembeni yangu. Kikizima, utakiwasha."

Naogopa kitazima kweli. Lakini miaka sita nimeimba mstari wa nyuma, na sijaona akimweka mtu yeyote pembeni yake.