Yule Bibi Asiyetaka Maji

Salma, Idi mbili zimepita hujakanyaga Pate. Umeota mizizi huko Mombasa? Mamako kikohozi kimemwacha, alhamdulillahi, na mbuzi wamezaa. Mimi nyanya yako nipo, magoti tu yanayonisumbua. Bi Zuhura wa jirani ndiye anayeniandikia.

Lakini tangu nisikie habari ya yule bibi wa nyumba ya wazee unakofanya kazi, moyo hautulii. Wauliza kwa nini hataki maji wala chai, hata midomo imempasuka. Naogopa atawafia mikononi kwa kiu.

Nilipokuwa kigoli, shangazi yangu alivunjika nyonga, akafanya vivyo hivyo. Watu wakasema ana shetani. Mama akamuuliza, "Wifi, kwani huna kiu?"

Shangazi akalia. "Ninayo. Lakini nikinywa mtanibeba chooni, na wanaume wamekaa pale ukumbini wanitazama."

Mama akawatoa wote. "Nendeni mkapige soga gatini!" Akatundika leso mlangoni, akamfunika shangazi kwa leso nyingine, na kila alipotaka kumgusa alimwambia kwanza. Alasiri ile shangazi akaomba chai. Akamaliza, akaomba tena.

Basi muulize huyo bibi, taratibu, nani humpeleka chooni, na mlango hufungwa? Muulize leo, mwanangu, usingoje kesho.

Nawe ukija, nataka unisugue mgongo, siufikii tena. Ila piga hodi kwanza, hata ukisikia nakoroma.