Sabufa Yangu Imenyamaza

Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudi gereji, nimeoga, nimebandika chai, nimewasha rumba kama kila jioni. Gitaa lipo. Mwimbaji yupo. Besi hakuna. Sabufa imekufa! Taa yake ya kijani inawaka, lakini imekaa pale kama kabati tu. Mke wangu Zainabu, mama yake Rashidi, angesema afadhali, nyumba ipumzike. Yuko Masaka kwa mdogo wake aliyejifungua, atakaa wiki nzima. Nimeudhika. Mchana kutwa natengeneza injini za watu kwa masikio haya, nije nyumbani nishindwe na boksi? Kesho naanza na waya. Mafua nayo yananisumbua, masikio yamejaa kama yameingia maji.

Jumanne, 9 Septemba

Waya wa umeme mzima. Waya wa sauti nimebadilisha, nimetumia wa redio ya zamani. Kimya. Fyuzi nzima. Nimecheza muziki wa simu badala ya flashi. Kimya vilevile. Ni kama gari: toa kimoja, jaribu, rudisha. Anayebahatisha si fundi.

Gereji leo, mwenye teksi mmoja kaja amefura. Juzi nilimwambia injini yake haina neno. Ati inagonga chini, tena kwa nguvu. Nimeinama, nimesikiliza, sikusikia kitu. Nikamwambia aache ujuaji. Kaipeleka kwa Kasimu, fundi mwenzangu wa jirani. Aende!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeifungua. Spika haijachanika. Nimegusisha betri ya rimoti kwenye nyaya zake. Spika nzima hujibu: tup. Hii imeruka, nimeiona kwa macho yangu mawili, lakini tup hakuna. Inaruka bila kulia! Sijapata kuona. Nimerudia mpaka nimechoka. Basi tatizo ni amplifaya. Nimefunga, nimezungusha besi mpaka mwisho, nimeiacha icheze jioni yote. Vitu vya umeme wakati mwingine vinataka kupata joto.

Nilipotoka kununua mkate, Mama Diane, jirani yangu wa ukuta mmoja, alinisalimia anatazama chini. Watu wa Kigali bwana. Kama nimemkosea, hatasema. Nitasikia kwa wengine.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya. Nje ya msikiti, mbele za watu, Kasimu kaniambia beringi za ile teksi zimekwisha kabisa, kugonga kwake hata mpita njia anakusikia. Kanitazama kwa huruma. Huruma! Bora angenitukana. Watu hawaniletei magari kwa uzuri wa sura yangu. Wananiletea kwa sababu Hamisi akiinamisha kichwa anajua ugonjwa uko wapi. Hilo likiondoka, nabaki na nini?

Nimerudi nyumbani na hasira, nimewasha sabufa, besi mwisho. Kimya. Ningeipiga teke.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeizima sabufa kwanza, ndipo naandika haya.

Asubuhi nilikuwa nahangaika tena na sabufa, muziki unacheza. Kaingia mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, nyuma yake Mama Diane na majirani wengine. Adabu tupu. Kaniambia, "Mzee Hamisi, hii muziki yako iko inatikisa nyumba ya watu wiki nzima."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. Nikawaambia mashine yenyewe imekufa, njooni muone. Nikaongeza sauti. Mama Diane akaziba masikio. Mkuu hakubishana. Alinishika mkono, akauweka juu ya boksi.

Boksi lilikuwa linatetemeka. Glasi za Zainabu zinatembea kabatini.

Lahaula. Sikusikia. Gitaa nasikia, mwimbaji nasikia, sauti za watu nasikia, na kitu kinachotikisa nyumba tatu sikisikii! Nikakaa sakafuni mbele za wageni. Sabufa nzima. Mbovu ni mimi. Wiki nzima nafungua skrubu, na ugonjwa uko kichwani kwangu.

Nikamuuliza Mama Diane mbona hakuniambia tangu Jumatatu. Akasema, "Tulifikiri Mama Rashidi amekuacha. Tukasema tumuache mzee alie." Siku nyingine ningecheka mpaka machozi.

Ile teksi ilikuwa inagonga. Nami nikamwita mwenyewe mjuaji. Naogopa. Naogopa sana.

Jumatatu, 15 Septemba

Hospitali. Daktari wa masikio kanivalisha mashine, kaniambia ninyanyue kidole nikisikia. Sauti nyembamba, sawa. Nzito, kidole kilibaki pajani. Kanipa dawa. Sauti nzito huenda zikarudi, huenda zisirudi.

Zainabu amefika mchana. Nimemwambia yote mlangoni, kabla hajatua mzigo. Mficha maradhi kilio humfichua. Yeye alilia. Mimi sikuweza.

Alasiri nilikwenda gereji. Akaja mama mmoja wa Kabeza, mteja wangu wa miaka mingi. Aliacha injini inaunguruma, akafungua boneti, akasogea pembeni ili niinamishe kichwa. Nikaishusha boneti polepole. Nikamwambia sisikii, ampelekee Kasimu. Alidhani natania. Nikarudia.

Akaondoka. Nimefagia, nimefuta spana, nimezipanga. Nimefunga mapema.